Tatu kwa Tatu

Harage la kwanza la baba lilikwenda palepale kila siku: pembe ya juu upande wa kulia, mstari wa tatu ukihesabu kutoka ukingo mmoja, na wa tatu ukihesabu kutoka ukingo wa pili. Kabla hajanyoosha mkono nilikuwa nimeshajua. Ubao ulikuwa na mistari kumi na tisa kwenda na kumi na tisa kukatiza, nafasi tele za kuchagua, na mzee wangu anakwenda kujibanza pale kwenye kona kama mtu aliyesikia mvua inakuja. Akishaliweka analisukuma kidogo kwa ukucha, likae sawasawa pale mistari inapokutana, kisha ananitazama. Maana yake zamu yangu.

Mchezo wenyewe unaitwa Go. Majirani zetu wa Chanji, hapa Sumbawanga mjini, waliopita mlangoni waliuita drafti ya Wachina, na sikujisumbua kuwasahihisha. Si mgumu kuueleza. Kila mmoja anaweka kete moja kwa zamu yake kwenye makutano ya mistari, na kete ikishawekwa haitembei tena. Unachotafuta ni kuzungushia eneo liwe lako. Kete ikizibwa pande zote inaliwa. Basi.

Mtu mwenye akili huanzia pembeni, kwa sababu ileile inayomfanya mfugaji ajenge banda la mbuzi kwenye kona ya ukuta: pande mbili umeshajengewa, fito chache zinakutosha. Kinachobaki ni kuamua unaingiaje kwenye hiyo pembe. Ukikaa tatu kwa tatu, kama baba, pembe ni yako tangu sekunde ile, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini ni ndogo, na mwenzako akikuzibia kwa juu utabaki humo unachungulia. Ukikaa nne kwa nne, kama nilivyokuwa nikifanya mimi, unautazama ubao wote, una haraka, una matumaini. Ila nyuma yako mlango uko wazi, mtu anaweza kuingia kwenye pembe akaishi chini ya pua yako. Ipo na ya tatu, tatu kwa nne, ya watu wenye subira: mguu mmoja ndani, mmoja nje, na unahitaji kete nyingine baadaye ya kufunga. Mimi subira sina. Baba yangu naye hakuwa mtu wa kuacha mguu nje.

Baba alipata kiharusi akiwa nyumbani Mwazye, mwishoni mwa mvua, wakati wa kufukia nyasi kwenye matuta ili mwakani apande ulezi. Majirani walimkuta ameegemea tuta kama aliyepumzika, jembe bado liko mkononi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakapotea. Kifipa kilirudi kwanza, kidogo kidogo, maneno ya ndani ya nyumba: maji, baridi, jina la mama, ambaye amelala makaburini kulekule Mwazye. Kiswahili kilichelewa.

Kikao cha ndugu kilifanyika hospitalini, pale ndugu wa wagonjwa wanapopikia. Kaka mkubwa alikuwa amekuja kutoka Dodoma na tiketi ya kurudi iko mfukoni. Dada yangu alikuwa amepanda kutoka Milepa, bondeni, ana watoto na mume na shamba la mpunga. Kaka ninayemfuata mimi, mpishi wa kambi za wajenzi wa barabara, alikuwa porini hapatikani kwenye simu. Kaka mkubwa akasafisha koo akasema, kwa ile sauti ya kufunga mkutano, "Baba atakaa na mdogo wetu hapahapa mjini. Yeye hana familia."

Nilikuwa nimesimama pale nimeshika chupa ya uji. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, nafundisha darasa la tatu, nimepanga vyumba viwili Chanji, na nina mchumba Mbeya anayeuza mchele. Mchumba, inaonekana, si familia. Dada akanishika bega akasema Mungu atanilipa. Wote wakaitikia, wakaondoka, na mimi nikabaki na chupa.

Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali, kijana mpole, aliniambia mkono wa baba ungefufuka kwa kushikashika vitu vidogo. Changanya mahindi na maharage kwenye sinia, akasema, awe anachambua punje mojamoja. Nikafanya hivyo. Baba alilitazama lile sinia, akanitazama mimi, akalisukuma kwa mkono wake mzima mpaka maharage yakaenda chini ya kitanda. Huyu ni mtu aliyefundisha katekisimu nusu ya kijiji, asubuhi moja bintiye anamwekea mboga achambue kama mtoto wa shule ya awali. Sikumlaumu. Niliokota maharage huku nimepiga magoti, yeye akageukia ukutani.

Kaka mpishi alipopata habari alikuja kwa lori la mchanga, amebeba kipande cha plaiwudi kilichochorwa mistari kwa kalamu nzito. Mpima barabara mmoja wa kigeni alimfundisha mchezo huo kambini, wakicheza jioni baada ya sufuria kuoshwa. Kaka alilitazama sinia, akauliza habari zake, akacheka. "Kumbe kete mnazo!" Akamkalisha baba kwenye kiti, akamwekea bakuli la maharage mkono wa kulia, mimi akanipa mahindi. Kanuni ni kwamba anayejua kidogo ndiye anayeanza. Sisi tukamwambia baba kwamba mkubwa ndiye anayeanza. Akakubali.

Kaka alitufundisha jioni moja tu. Alfajiri lori likamrudisha porini, na sehemu za mchezo ambazo hakufika kuzieleza tulizijaza wenyewe kwa tulichokijua. Tulichokijua ni drafti. Baba alikuwa tishio la drafti kwenye baraza la duka pale Mwazye, kwa vizibo vya soda, na kwenye drafti ya kwetu kula ni lazima. Kete ya mwenzako ikiwa ya kuliwa, unakula, upende usipende, hata kama unaona kabisa kwamba ni mtego. Usipokula, kete yako inaondolewa ubaoni na watu wanakucheka. Basi siku ya kwanza tuliyocheza peke yetu, punje yangu moja ikabaki na upande mmoja tu wa kupumulia. Baba akaiona. Mdomo wake ukahangaika, kidole kikaielekea, na Kiswahili kikarudi.

"Kula!"

Nililia. Nilimwambia, ndiyo baba, kula, na akala. Tangu siku ile, hiyo ikawa sheria ya nyumba yetu.

Jirani yetu alikuwa na jogoo asiye na adabu. Siku moja nilikwenda kuinjika ugali, nikarudi nikamkuta juu ya ubao anadonoa. Alikuwa amekula mahindi yangu yote. Maharage mabichi hakuyagusa. Baba alikuwa amekaa palepale, hajamfukuza, anacheka kwa nusu ya mdomo inayocheka. Aliinua mkono akanionyesha ubao wote uliobaki, maharage matupu, kwamba ameshinda.

Nayasimulia haya nisije nikaonekana sikuwa na raha hata chembe. Nilikuwa nayo. Lakini nilikuwa nimefungwa, na nitalisema waziwazi, maana wakati ule halikusemeka. Asubuhi kabla ya shule namwogesha, namlisha uji, namweka kwenye kiti karibu na dirisha, jirani anamtupia jicho. Mchana natoka mbio darasani kumgeuza. Jioni jiko, dawa, ubao. Jumapili jumuiya ya kanisa inakuja kusali kwetu kwa sababu nina mgonjwa, na kina mama wananisifu. "Umebarikiwa, mwalimu. Wewe ndiye uliyepewa." Nilikuwa natamani mmoja wao aniulize nimechoka kiasi gani. Walikuwa wanakunywa chai, wanasifu, wanaondoka na upepo wa baridi unaingia wanapofungua mlango.

Na kulikuwa na mwalimu wa Mbeya.

Sisi watumishi, ukitaka kuhama, njia iliyo rahisi kuliko kusubiri ni kumpata mtu wa kubadilishana naye: yeye aje kwako, wewe uende kwake. Nilikuwa nimemtafuta mtu wa namna hiyo tangu nilipochumbiwa. Baba alipokwisha kuhamia kwangu ndipo akapatikana. Mumewe anafanya kazi hapa Sumbawanga, wana mtoto mdogo, na kila wiki ananipigia. "Dada, habari za huko? Mzee anaendeleaje? Samahani nakusumbua tena. Umefikia wapi?" Alikuwa na sauti ya mtu anayegonga mlango taratibu kwa sababu anaogopa usifunguliwe. Nilimwambia nipe muda. Akanipa. Baadaye akasema anaweza kungoja mpaka shule zifungwe Juni, zaidi ya hapo itabidi atafute mwingine.

Mchumba wangu alisema jambo la maana, nami nilimpenda kwa hilo. "Mlete mzee huku. Chumba kipo." Nikamuuliza baba, jioni, katikati ya mchezo. Nilieleza yote: Mbeya kuna hospitali nzuri, kuna nyumba, sitakuacha. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika harage. Kisha akasema neno moja.

"Mwazye."

Nikamwambia nyumba ya Mwazye imefungwa, nani atamwogesha kule. Akarudia. Mwazye. Akitoka Chanji, alikuwa ananiambia, anakwenda sehemu moja tu, alipolala mama. Akaweka harage lake.

Nilimchukia jioni ile. Najua mtoto hasemi hivyo juu ya mzazi, lakini nilimchukia, nikainuka nikamchemshia maji ya kuoga huku nimemchukia, nikayapima kwa kiwiko yasimuunguze.

Nilichofanya baada ya hapo nilikifanya ubaoni, kwa kuwa pengine popote nisingeweza. Nilianza kumtega. Yeye amekaa tatu kwa tatu kwenye pembe yake, mimi namwekea punje moja ya bure ndani kabisa, mahali pa kuliwa. Lazima ale. Akila, nimepata zamu moja ya kujenga nje. Namwekea nyingine. Lazima ale. Punje baada ya punje, yeye akiwa anakula kwenye kona mimi nilikuwa nazungusha ukuta kwa nje, hadi mwisho wa mchezo ana pembe zake ndogo na punje alizokula, na ubao wote uliobaki ni wangu. Alikuwa ananionyesha bakuli lake la mateka kwa fahari. Mimi nilikuwa nautazama uwanja ule mpana wa katikati, wangu wote, nikiwa nimekaa kwenye kigoda katika vyumba viwili ambamo sikuweza kutoka hata kwenda sokoni bila kuomba mtu aje akae.

Kaka mkubwa alipiga simu kutoka Dodoma. Nikamwambia kuhusu Mbeya na Juni. Akasema, "Mdogo wangu, sote tunakutegemea wewe. Si unajua hatuna namna?" Nikasema najua. Nikakata simu nikawa natembea chumbani, hatua chache mpaka ukutani na kurudi. Hatuna namna. Hatuna. Yeye namna alikuwa nayo, alikuwa anakula chakula cha jioni na wanawe, nilisikia vijiko.

Juni ikafika na baridi yake. Asubuhi watoto wanakuja shule wamevaa masweta mawili mawili, na mimi nilikuwa nimemfunika baba blanketi mpaka kidevuni. Jumamosi moja mchana kaka mpishi akatokea, kambi yao ilikuwa imehamia upande wa Kalambo. Alimsalimia baba kwa kuchuchumaa na kupiga makofi taratibu, kwa heshima ya kwetu, kisha akavuta kiti kutazama tunavyocheza.

Baba akaweka tatu kwa tatu. Mimi nne kwa nne. Tukaendelea hadi nikamwekea punje yangu ya mtego, naye akasema "Kula," akala. Nikaweka nyingine.

"Baba," kaka akasema, "mbona unaila hiyo? Iache. Imeshakufa hiyo, haina pa kwenda. Nenda ukazibe kule kwenye nafasi kubwa."

"Kula ni lazima," nikamjibu kwa niaba ya baba.

Kaka akanitazama kama niliyemwambia ugali unapikwa kwa mchanga. Akaanza kucheka, akaacha alipoona hatucheki. "Nani aliwaambia? Hiyo ni drafti. Huku kula si lazima. Huku hakuna cha lazima hata kimoja. Hata zamu yako yenyewe, usipotaka kucheza, unapita tu, unamwachia mwenzako."

Nilidhani baba atakasirika. Mwaka mzima tulikuwa tumecheza vibaya, na bintiye alikuwa amemla ubao mzima kwa sheria isiyokuwepo. Hakukasirika. Aliinamia ubao, akaiangalia ile punje yangu pale kwenye kona yake, muda mrefu, mpaka chai ikapoa. Kaka akamwonyesha polepole namna nyingine za kuanza, tatu kwa nne, nne kwa nne, akimshika mkono ule mgonjwa na kuupeleka. Halafu tukala, na asubuhi yake kaka akaondoka.

Jumapili hiyo jumuiya haikuwa kwetu. Baada ya chakula cha mchana nilimkalisha baba karibu na dirisha penye jua. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa sweta. Mwalimu wa Mbeya alikuwa ameandika asubuhi kwamba kuna mtu wa Laela amejitokeza yuko tayari kubadilishana, yeye angependelea mimi kwa sababu Sumbawanga ndiko aliko mumewe, lakini anaomba jibu leo. Sikuwa nimejibu. Nilikuwa nimeshalitunga jibu, lile la siku zote, kwamba samahani dada, hali hainiruhusu, sina namna.

Baba alianza. Mkono wake ulikwenda juu kulia, ukafika tatu kwa tatu, ukasimama hapo hewani. Kisha ukasogea. Akaliweka harage nne kwa nne, mahali pangu, akalisukuma kwa ukucha.

Nilicheka kwa mshangao. Tukacheza. Nikamtega kwa mazoea tu, punje moja ya bure. Aliiona, niliona kwamba ameiona. Kidole kikaenda, kikarudi. Akaipita, akaweka harage lake mbali, katikati kule ambako hajawahi kwenda.

"Si lazima," akasema. Maneno yalitoka mazima.

"Hongera, baba. Umeshajifunza."

Akatikisa kichwa, hapana. Akaugusa mkono wangu. Akaonyesha beseni la kuogea lililosimamishwa ukutani, akaonyesha kijiko chake, dawa zake dirishani, blanketi. Kisha akanionyesha mimi. "Si lazima," akarudia. Halafu akalitafuta neno lingine, alilitafuta kwa muda, jasho likamtoka puani na baridi yote ile. "Nenda."

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilishikwa na woga ambao sijawahi kuupata. Mwaka mzima nilikuwa nimeegemea lile neno lazima. Nilipokuwa namwinua usiku na mgongo unauma, lilikuwa neno hilo. Nilipokuwa namwambia mchumba subiri, lilikuwa hilo. Nilikuwa na kaka wa kumlaumu, dada wa kumlaumu, kikao cha hospitalini, kina mama wa jumuiya. Sasa mzee mwenyewe ameufungua mlango kwa nguvu zake zote na amekaa pembeni ananingoja nipite. Nikatazama mkono wake. Ulikuwa umerudi kwenye bakuli, unatafuta harage, na haukuwa unalipata kwa jinsi ulivyokuwa unatetemeka.

Nikatoa simu. Nikaandika: Dada, chukua yule wa Laela. Nilitaka kuongeza sina namna, vidole vilishaanza. Nikafuta. Nikatuma hivyohivyo.

Mchumba wangu wa Mbeya alinivumilia muda, kisha akaoa mwingine, na simlaumu. Kaka mkubwa bado anapiga simu na kusema Mungu atanilipa. Mimi bado niko Chanji, vyumba vilevile, na zipo siku naamka na hasira, naitafutia mtu wa kumtupia simpati. Sijui kama nilibaki kwa kumpenda baba au kwa kuogopa kutoka. Nimejiuliza mara nyingi mno, na kila mara jibu linakuja tofauti.

Baba sasa huanza nne kwa nne kila siku, harage lake linautazama ubao wote. Jana jioni aliliweka, akaniangalia. Nilikuwa na punje yangu mkononi na pembe tatu nyingine ziko tupu mbele yangu. Nikaiacha mistari yote ile, nikaingia chini ya harage lake, tatu kwa tatu, kwenye kona. Hakuna aliyenisukuma. Baba akaitazama punje yangu, akanyoosha mkono, akaanza kuniziba kwa juu.